Mwanamke wa Chifu Kiboko

Mpaka leo siipendi harufu ya karatasi kuukuu. Niliipata mara ya kwanza nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Uthiru alipotupeleka katikati ya jiji, kwenye jengo la nyaraka, tuchunguze maisha ya mtu wa zamani wa mitaa yetu. Wenzangu walichagua wamishonari. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamchagua Chifu Kiboko, aliyewachapa watu enzi ya mkoloni mpaka jina lake halisi likasahaulika. Wazee wa Kangemi hawakuweza kumtaja bila kutema mate. Walisema hakuoa, lakini palikuwa na mwanamke. Nani? Hakuna aliyejua. Wiki nzima sikutulia, nikiapa kwamba nitampata kabla madaftari hayajakusanywa.

Katika jengo lile nilioneshwa picha yake, na chini yake jina la baba yake: Thuo. Nikalisoma mara mbili. Kwetu majina hayaokotwi. Mwana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, basi. Babu yangu alikuwa mwana wa Njoroge, kwa hiyo kifungua mimba wake angeitwa Njoroge. Lakini Njoroge ni baba yangu mdogo. Baba yangu, aliyezaliwa kwanza, anaitwa Thuo, na ukoo wetu haukuwa na Thuo mwingine. Mwenye haki ya kumpa mwanawe jina hilo alikuwa Kiboko, na yule mwanamke alikuwa mamake baba.

Nilimkuta Cucu, mama yake baba, akichambua maharagwe uani, nikamwekea mapajani daftari nilimoandika hayo yote. Nilikuwa najivuna, Mungu anisamehe. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

“Mwalimu ameona?”

“Bado, Cucu.”

“Nilimpenda,” akasema bila kunitazama. “Watu walimjua kwa kiboko. Mimi nilimjua akinichotea maji mtoni, akijificha asionekane. Mkono uliochapa na uliochota ni uleule. Mpaka leo sijui nilie au nione haya.”

Chifu aliuawa Cucu akiwa mjamzito. Babu alimwoa akijua yote, na hata jina la mtoto hakulipinga.

“Baba yako hajui,” akaniambia. “Akiitwa damu ya Kiboko hapa Uthiru, ataishi na nani?”

Nilichana ule ukurasa, nikaandika juu ya mmishonari fulani, nikapata alama mbovu. Tangu hapo, kila baba alipoitwa kwa jina kanisani, niligeuka nyuma. Nilichunguza nyuso za wazee nione kama kuna anayepiga hesabu niliyopiga mimi.

Mwezi uliopita nilijifungua mwanangu wa pili wa kiume hospitalini Parklands. Siku hizi rafiki zangu huchagua majina kwenye simu, lakini kwetu wa pili bado huitwa jina la baba yake mama. Baba alikuja na chupa ya uji. Cucu alishafariki zamani, na sikuwa na wa kumuuliza.

“Si lazima umwite jina langu,” baba akasema.

“Ni Thuo,” nikamjibu.

Alimpakata mtoto, akamfunika vizuri.

“Cucu aliwahi kukuambia jina hili lilitoka wapi?”

“Alisema lilimpendeza tu.”

“Hata mimi ndivyo ninavyowaambia watu,” akasema, “tangu ujana wangu.”

Kisha akanimiminia uji. Kumbe miaka yote ile nilimficha baba siri ambayo naye alikuwa akinificha mimi.