Baba Alipodai Ngozi ya Hisa

Mbegu za pamba zikilowa mvua hunuka kama mafuta yaliyochacha, na msimu ule Bunda nzima ilinuka hivyo, kwa sababu kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kimerundika magunia uani na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuyaondoa. Nilikuwa darasa la tano, na tayari nilijua kitu ambacho watu wazima wa kwetu hawakutaka kukijua: mzigo unaolala mvuani ni mzigo uliokosa mnunuzi. Ndipo kiwanda hichohicho kikatangaza kwamba kinawauzia wananchi hisa.

Habari hiyo ililetwa na baba mdogo Masatu, aliyekuwa akikaa Mukendo, Musoma mjini, akifanya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Alifunga tai kwenye jua lile. “Kaka, hisa ni kipande cha kiwanda,” alimwambia baba. “Kikipata faida unakatiwa chako, ndiyo wanaita gawio. Bei ikipanda, unamuuzia mwingine.” Maelezo yale hayakuwa na kosa, aliyafupisha vizuri kuliko wajuzi wengi ninaowasikia leo. Ila aliishia pale utamu ulipoishia. Hakusema kwamba mwenye kipande cha faida ana kipande cha hasara pia, wala kwamba ili uuze lazima apatikane mtu wa kununua. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba Wazungu walianza mambo hayo kwa ajili ya meli za safari ndefu: ikizama, hasara iwaume wengi kidogo kidogo, isimmalize tajiri mmoja. Yaani tangu mwanzo watu walikuwa wanagawana kuzama. Masatu alituuzia kama arusi.

Baba alielewa haraka mno, na balaa likaanzia hapo. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Baadhi humpelekea rafiki wa kijiji kingine amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, mwenye mali anapata ndama, na ugonjwa ukiingia huku, kule wanabaki. “Kumbe ni kuweka ng'ombe tu!” baba alisema, akajipiga paja. Akauza ng'ombe wanane, akanunua hisa. Wanane haohao walikuwa mahari ya kaka yangu Magesa, aliyekuwa amemposa Nyanjura, binti wa kijiji kimoja jirani na Butiama. “Baba Magesa, hao ng'ombe wana mwenyewe,” mama alimkumbusha. Akajibiwa kwamba watarudi na ndama. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema. Hawakusema kwamba katikati hukaa mtu mwenye tai.

Gawio halikuja. Waliokuja ni wakwe, kukagua ng'ombe kama ilivyo desturi: mzee Wambura, baba wa Nyanjura, na ndugu zake wawili wenye fimbo. Baba aliwakaribisha, akawawekea ugali na sato, kisha akatoa karatasi yenye mhuri.

“Ng'ombe ziko wapi?” mzee Wambura aliuliza.

“Zimo humu, mkwe.”

Mzee aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma. “Haya, zipigie mluzi zitoke, tuzihesabu.”

Ndugu zake walicheka mpaka wakaegemea fimbo. Magesa alitazama chini. Mzee hakuwa mkatili. Alimpa baba muda mpaka mtama uvunwe. Zaidi ya hapo, alisema, binti yake hawezi kuolewa na mhuri.

Baba akaenda kiwandani, nami nikamfuata. Mashine zilikuwa kimya. Kwetu ng'ombe akifia kwa mtunzaji, mtunzaji huleta ngozi kama ushahidi; bila ngozi, analipa. “Kama kimekufa, nipeni ngozi yangu,” baba alimwambia karani. Karani alimtazama kama mtu aliyeingia kanisani na jembe. “Mzee, hisa haina ngozi. Uza, kama utampata wa kununua.” Dalali wa kuziuza alikuwa Dar es Salaam, na huko nako hakuna aliyezitaka. Baba alikaa getini hadi jioni. Kilichomchoma zaidi, alisema tukirudi, ni kwamba mwenye mali amekwenda kuangalia mali yake na asipewe hata maji.

Masatu, aliyechukua kamisheni yake siku ya kwanza, alituma salamu kwamba soko linataka subira. Mtama ukavunwa. Nyanjura akaolewa na mtu mwenye ng'ombe wenye pembe na kwato.

Siku hizi hisa zinanunuliwa kwa simu. Vijana wa bodaboda kule Bweri hunionyesha michoro ya kijani: “Mama, imepanda hiyo!” Nikiwauliza kampuni inauza nini, inadaiwa na nani, na ililipa gawio lini, wananitazama kama nimewaomba namba ya siri. Mimi ninazo zangu chache. Nilisoma hesabu za kampuni mara mbili, nikasubiri bei ichoke, ndipo nikanunua. Siidharau hisa. Ninamdharau anayenunua kwa sababu fulani kanunua, halafu anajiita mwekezaji.

Juzi nilikutana na Nyanjura sokoni Musoma, mzee sasa, tukasalimiana vizuri. Kwetu mke huwaita watoto wake majina ya wakwe zake, baba na mama wa mumewe. Alinitajia wanawe, akaendelea na wajukuu, mmoja mmoja, akicheka. Nilisikiliza mpaka mwisho. Jina la mama yangu halikuwamo.