Bidoni Tupu za Njano

Mi masomo yalinikatikia katikati ya sekondari, lakini neno moja la Kifaransa lilibakia kichwani: opportunité, ndiyo nafasi ya kupata faida. Mwalimu alilisema siku moja, nikalibeba mpaka nyumbani. Tangu nioe, bibi yangu, mama wa watoto wangu, ndiye anateseka nalo.

Yeye iko na restora ndogo ya kuuza chakula hapa Gihosha, juu ya kilima. Wateja wake ni mafundi wa magari wa garaje ya pale chini. Saa sita wanapanda na njaa zao, wanakula maharagi na ndagala, vile visamaki vya ziwa, wanagombana juu ya mpira, wanashuka.

Sasa maji yakakatika. Huku juu maji kukatika si habari, lakini safari hii siku zilipita hayajarudi. Chakula kikaanza kuchelewa, sahani chafu zikapandana. Fundi mmoja akamwambia, "Mama, kesho ikiwa hivi, tutakula kwa yule wa ngambo ya barabara." Yule wa ngambo ni mama mwingine wa restora, yeye iko na tanki. Bibi yangu akacheka, lakini niliona anakamua kitambaa chake cha meza, na kilikuwa kikavu.

Mi nikaona opportunité. Watu hawana maji, ndiyo? Basi watataka bidoni, madumu ya kuwekea maji! Nikashuka sokoni, nikarudi nasukuma baisikeli imefungwa bidoni tupu za njano kila upande, kama vile naenda kutoa mahari. Nikazipanga mbele ya restora.

Jirani akapita. "Papa, unauza maji?"

"Apana, mama. Nauza bidoni."

"Bidoni niko nazo mingi. Zimekauka zote." Akaenda zake.

Wengine vile vile. Jua likapanda, bidoni zikaanza kulia kwa joto, pa! pa! nikaona hata zenyewe zinanicheka.

Bibi yangu akatoka na mwiko mukononi. "Baba watoto, watu wamekosa nini?"

"Maji."

"Na we umeleta nini?"

Nikajikuna shingo. "Pa kuyawekea."

Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaangalia kule garaje. Kule chini robine yao, bomba la uani, ilikuwa bado inatoa maji. Mafundi walipomaliza kula, akamupa kila mutu bidoni moja.

"Kesho mwenye kupanda na bidoni imejaa, namuongezea maharagi mpaka aombe huruma."

"Na ndagala, mama?"

"Na ndagala. Lakini ukileta nusu, utakula na kijiko cha mutoto!"

Patroni, mwenye garaje, akakubali, ila na yeye akataka sahani yake. Kesho yake saa sita nikawaona wanapanda, bidoni begani, jasho linatoka, wanatukanana kwa furaha. Mama wa ngambo alisimama mulangoni na mikono kiunoni. Hakuna hata fundi mmoja alivuka barabara.

Mi nikataka pongezi kidogo. "Unaona? Bila bidoni zangu mi..."

Bibi yangu akanisukumia beseni la sahani chafu. "Kweli, papa. Opportunité yako hii hapa."

Maji yalisharudi, lakini mafundi wanaendelea kupanda na bidoni kwa sababu ya maharagi, na bibi yangu anashindwa kuwakatalia. Na mi sahani hazijanitoka. Naosha, yeye anapita nyuma yangu, ananigonga kidogo na mwiko, anauliza kama leo sijaona neno langu mahali fulani.