Watu Wawili, Jeton Moja

Papa Anaclet wa nyuma ya gare, stesheni ya treni ya Kindu, alikuwa na kazi mbili, moja ya kumlisha na nyingine ya kumkondesha. Ya kumlisha ilikuwa kutengeneza redio na simu katika kibanda chake cha mbao. Ya kumkondesha ilikuwa kusimamia klabu ya dama kwenye mtandao, kazi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifanya na hakuna aliyewahi kumwambia asante.

Klabu ilikuwa na wachezaji mia mbili na kitu, wa Kindu, wa Kailo, wa Lubutu, na wengine waliotawanyika hadi Ulaya. Walichezea kwenye tovuti ya kampuni fulani ya ng'ambo, na kampuni hiyo, kwa ukarimu wake wa ajabu, iliwaachia watu wa kujitolea kazi yote ya matusi. Mtu akishindwa anamtukana aliyemshinda, aliyemshinda anajibu kwa kumtaja mama, halafu wote wawili wanamgeukia msimamizi kwamba anapendelea. Ukimtoa leo, kesho anarudi na jina jipya na tusi lile lile. Anaclet aliomba kwa miaka miwili apewe walau kitufe cha kumnyamazisha mtu kwa siku moja. Aliandika kwa Kifaransa cha kufaulia mtihani, na kila mara alijibiwa na mashine: tumepokea ujumbe wako. Kitu pekee walichompa kilikuwa fomu ya kushtaki akaunti. Akaunti ikionekana ina hatia inafutwa, na michezo yake yote inafutwa nayo, mwenyewe abaki kama hajawahi kugusa kete.

Basi, kwa kukosa kitufe, alijinunulia daftari. Humo aliandika majina ya aliowashuku, na walikuwa wengi. Huyu anacheza haraka mno, lazima kuna mashine inamsaidia. Yule anashindwa makusudi ili rafiki yake apande ngazi. Watatu wale wa Kailo wanatumia simu moja, kwa hiyo huenda ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Msimamizi mwenzake, Gisèle, fundi wa cherehani mwenye ulimi usiochoka, alikuwa akilitazama daftari lile na kutikisa kichwa.

"Papa Anaclet, hapa kwetu simu moja inatumiwa na nyumba muzima. Wale wa Ulaya hawajui ile mambo. Lakini wewe unajua."

"Sheria inasema akaunti moja, muntu mumoja."

"Klabu unaifanya kama barrière ya vita."

Gisèle alisema hivyo kwa utani, kama anavyosema mambo yote. Lakini neno lile, kizuizi cha vita, lilimchoma Anaclet, na kwa siku kadhaa akawa anajiuliza kama Gisèle anajua kitu, na kama anajua, ni nani aliyemwambia.

Halafu akaja Jeton_Moja.

Wengine hawakuona ajabu katika jina hilo. Jeton ni kete, na mchezaji wa dama kujiita kete si habari. Lakini mtu wa umri wa Anaclet aliyekuwa Kindu wakati wa vita hawezi kulisikia neno jeton akafikiria mchezo. Akalifungua jina, akapekua. Lubutu. Hakuna picha. Michezo zaidi ya mia nne. Akaanza kuiangalia mmoja baada ya mwingine, na kadiri alivyoangalia ndivyo alivyozidi kupata mashaka, maana akaunti hii ilikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulikuwa wa mtu mwoga, anayefunga milango yote kabla ya kutoka nje. Mkono wa pili ulicheza kwa kiburi. Hatua ya tatu tu, huo mkono wa pili unatoa kete ya pembeni bure, mpinzani aile, na hatua kumi baadaye mpinzani hana pa kukanyaga.

Anaclet aliujua mkono ule. Alishindwa nao mara nyingi mno asiweze kuusahau. Na kama hilo halikutosha, siku moja akasoma maneno ambayo Jeton_Moja alimwandikia mpinzani baada ya kutoa kete ile: Kula tu, haina sumu.

Akaweka simu chini. Mteja aliyekuwa akisubiri redio yake akamuuliza kama anaumwa. Akamwambia hapana, ni joto. Alikuwa ameogopa, na ni afadhali kusema hivyo kuliko kumpamba.

Mwenye maneno hayo alikuwa Elie, na Elie alichukuliwa mwaka wa 2002.

Mwaka ule mji ulikuwa umezungukwa na wapiganaji wa msituni. Treni ilikuwa haiji, na mashamba yaliyokuwa nje ya mji hayakufikika bila kupita kizuizini. Ili kupita, wenye bunduki waliokuwa wakitawala walitaka kuona jeton, kikaratasi chenye muhuri na jina. Asiyekuwa nayo hakupita, na asiyepita hakula muhogo. Anaclet alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye mwandiko mzuri. Chifu wa avenue, yaani wa mtaa wao, alipotafuta mtu wa kuandika kila nyumba inalaza watu wangapi, Anaclet alijitolea. Ndiyo, hata siku zile alijitolea. Alipenda kushika daftari, alipenda watu wasimame wanapomwona anaingia uani.

Elie alikuwa jirani na rafiki yake. Walicheza dama kwa vifuniko vya chupa, vya Elie vikitazama juu na vya Anaclet vikitazama chini, juu ya kipande cha katoni. Njaa ilikuwa kali, na Elie alipotoa kete yake ya pembeni alikuwa akicheka na kusema, "Kula tu, haina sumu," kana kwamba anamkaribisha mtu chakulani. Kisha anamshinda. Wiki ile ya mwisho alimshinda Anaclet mara kumi na moja mfululizo, mbele ya watu.

Nyumbani kwa Elie alikuwa amefika mdogo wake, Hamidou, kupitia msituni kutoka upande wa Kailo. Elie alibatizwa, Hamidou ni Mwislamu, tumbo moja, na mkoani Maniema hakuna anayeshangaa. Hamidou hakuwa na jeton. Walifanana sura, kwa hiyo leo Elie anaibeba jeton yake kwenda shamba, kesho Hamidou. Avenue nzima ilijua ikanyamaza. Anaclet naye alijua, lakini mashaka yakamwingia: huyu aliyetoka msituni ametumwa na nani? Mbona haongei? Akaandika katika daftari, kwa mwandiko wake mzuri: nyumba ya saba, watu wawili, jeton moja.

Kama aliandika kwa mashaka au kwa zile mara kumi na moja, hata yeye hajawahi kujua vizuri, na hapendi kuulizwa.

Wenye bunduki wale, ambao watu waliwaita mara nyingi wezi walipovamia na hawakuja, safari hii walikuja kesho yake tu. Walimkuta Elie nyumbani, mikono mitupu, jeton ikiwa shambani na mdogo wake. Wakaondoka naye. Hakurudi, wala mwili haukuonekana. Hamidou akamchukua Odette, mke wa kaka yake, aliyekuwa na mimba, wakakimbilia njia ya Lubutu. Chifu wa avenue alikufa kabla vita havijaisha, na daftari likapotea katika uporaji. Hakuna aliyebaki wa kusema nani aliandika.

Sasa mtu wa Lubutu anajiita Jeton_Moja na anacheza mkono wa marehemu. Anaclet aliona jambo moja tu hapo: kuna mtu anajua, na amekuja taratibu kumwonyesha kwamba anajua. Kila mteja aliyekawia kibandani akawa mpelelezi. Gisèle akicheka, Anaclet anahesabu amecheka mara ngapi. Na mashindano ya mwaka yalikuwa yanakaribia, yale ambayo washindi wanne wanakutana Kindu kucheza juu ya ubao wa kweli, uso kwa uso. Jeton_Moja alikuwa miongoni mwa wanne hao.

Siku ya Alhamisi akaleta ujumbe: Tumetoka Lubutu na pikipiki. Jumamosi tutafika.

Tutafika! Anaclet akaisoma ile "tu" mara tano. Mtu mmoja hafiki kwa wingi. Akamwonyesha Gisèle.

"Si umeona? Wako wawili. Wenyewe wamejitaja."

"Basi waache wafike, Papa. Utawauliza. Muntu anaulizwa kwanza."

Hakungoja. Mtu akitolewa kwenye klabu hana sababu ya kufika Kindu, ndivyo alivyojidanganya, na ataishia njiani na habari zake. Akaifungua fomu. Palipoandikwa sababu, akaandika: watu wawili, akaunti moja. Alipokwisha kubonyeza ndipo alipoyasoma maneno yake mwenyewe. Akakumbuka yalipokaa mara ya kwanza. Akatafuta njia ya kuirudisha ile fomu. Hapakuwa na njia. Akajifariji kwamba kampuni ile haijawahi kujibu chochote katika miaka miwili, haitaanza leo.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, wakaingia kibandani wamejaa vumbi la njia. Mwanamume mwenye mvi, kofia nyeupe kichwani, na msichana wa miaka ishirini na kitu. Anaclet hakuhitaji kuambiwa jina. Ukitoa mvi zile, ilikuwa ni sura ya Elie.

"Yaya Anaclet!" Hamidou akamshika kwa mikono yote miwili, akimwita kaka kama zamani. "Bado uko muzima! Mutoto wangu, huyu njo aliyekuwa anacheza na baba yako kila siku. Ni Daniella huyu, mutoto wa Elie. Alizaliwa kule Lubutu."

Hakukuwa na sumu katika sauti yake. Anaclet aliitafuta, maana ndiyo kazi aliyoizoea, akaikosa. Akawapa viti, akaagiza soda, akatandika ubao. Daniella akapanga kete bila kuongea, haraka, kama mtu wa nyumbani.

"Tulivunja sheria yenu kidogo," Hamidou akasema, akicheka kwa aibu. "Simu iko moja. Mimi nacheza kidogo, yeye anacheza. Mimi nilimufundisha mukono wa baba yake, ule nilikuwa naangalia pale kwa katoni. Michezo yote niliyokumbuka, tuliiandika ndani ya ile akaunti, yeye upande wa baba yake, mimi upande wa wale aliwashinda. Na wewe uko ndani, Yaya, umeshindwa sana!"

"Picha ya baba hatuna," Daniella akasema. "Ile akaunti njo picha."

Anaclet akauliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kwa nini waliiita vile.

Hamidou akaacha kucheka. "Kwa sababu ya ile jeton. Siku walimuchukua, mimi nilikuwa nayo kwa mufuko. Ilikuwa zamu yake kwenda shamba, mimi nikamuomba anipe ile siku, nilichoka kukaa ndani. Kama ningeiacha kwa nyumba, angewaonyesha." Akaugeuza mdomo wa chupa ya soda mara mbili tatu. "Yeye nilimuambia yote. Mutoto lazima ajue nani alimukosesha baba."

Daniella akamgusa baba yake mdogo begani, kama mtu aliyekwisha kumwambia mara nyingi kwamba haikuwa hivyo. Kisha akasogeza kete ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaitoa pembeni, bure.

"Kula tu, Papa Anaclet. Haina sumu."

Hakula. Simu yake ililia, na karibu wakati huo huo simu ya Hamidou nayo ikalia. Anaclet akaitazama ya kwake. Ilikuwa kampuni, na safari hii haikuwa mashine. Mtu mwenye jina alikuwa ameandika: tumechunguza taarifa yako, akaunti imefutwa pamoja na kumbukumbu zake zote, asante sana kwa kujitolea kwako.

Daniella alikuwa ameichukua simu ya baba yake mdogo. Anaclet akamwona akifungua, akifunga, akifungua tena, kidole kikitafuta mahali ambapo hapakuwepo.

"Iko wapi?" akasema. "Baba mudogo, michezo ya baba iko wapi? Wanasema muntu ametushitaki." Akainua macho. "Nani aliandika?"

Anaclet angeweza kusema ni kampuni. Angeweza kumtaja Gisèle, au mchezaji yeyote katika mia mbili wale, na angeaminiwa, kwa sababu watu hawa wawili hawakuwa watu wa mashaka. Miaka yote alikuwa akiogopa swali lile litoke kwa adui, na lilikuwa limemfikia kupitia kwa mtoto aliyemtolea kete.

"Ni mimi," akasema.

"Papa?"

"Hii ya sasa ni mimi. Na ile ya kwa daftari, watu wawili, jeton moja. Wale askari hawakutafuta jeton, Hamidou. Walikuja na maandishi mukononi. Hata kama Elie angekuwa nayo, wangemuchukua. Yote mbili niliandika mimi."

Nje mtu aliita hodi ya redio yake, akanyamazishwa na jinsi watatu hawa walivyokaa. Daniella akasimama, akarudi nyuma mpaka mlangoni, asitake hata nguo yake iguse meza ile. Hamidou hakusimama. Alikuwa akiitazama kete iliyotolewa, ikiwa bado pale pembeni, haijaliwa.

"Miaka makumi mbili na tatu," akasema taratibu, bila kumwinulia Anaclet uso. "Miaka makumi mbili na tatu nilikuwa nazania njo mimi."