Mistari Inayorukwa na Kompyuta

Karani wa takwimu alikuwa na vidole vyepesi kuliko macho. Kila asubuhi alinakili vipande vya programu alivyotumiwa na mwenzake aliyehamishiwa tawi jingine, akavibandika kwenye dirisha jeusi la amri, akabonyeza, akaenda zake kuchemsha chai huku mashine ikijibu. Maelezo yaliyoanza na alama ya reli (#) hakuyasoma hata siku moja. Kama kompyuta yenyewe huyaruka, yeye ayasome ya nini?

Wiki mbili baada ya kumzika mwenzake huyo, ofisi ilileta kompyuta mpya, nayo ikakataa kipande kimoja. Ikambidi akipitie mstari kwa mstari. Katikati, baada ya alama ya reli, akakuta maneno: "Dada, ukisoma hapa nipigie. Naumwa, na sijamwambia mtu." Kipande hicho alikuwa amekibandika miezi mitatu mfululizo.

Siku hizi huvisoma vipande vyote kwa sauti ya chini, kidole kikitambaa kwenye kioo.

"Mama, mashine imekwama tena?" wanamuuliza ofisini.

"Haijakwama," hujibu bila kugeuka. "Namsoma mwenzangu."