Hodi ya Tatu

Siku nilipomwona Mama Riyaz kwa mara ya kwanza, nilikuwa tayari nimeupa mgongo mlango wake. Ilikuwa Februari 2006. Mwenzangu wa kanisani alinishusha kwenye nyumba iliyosimama peke yake huko mashambani, kaskazini mwa Toronto, nimzolee theluji bibi mmoja wa Kihindi, kisha akaharakisha kwenda kiwandani. Nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Kule Kigoma nilikokulia, hodi tatu zisipojibiwa unaondoka. Nikashika njia, viatu vimejaa theluji.

"We baba! Unakwenda wapi? Huko mbele kuna ng'ombe tu!"

Niligeuka. Mwanamke mfupi alikuwa mlangoni, shali begani, upawa mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha Ujiji kabisa.

"Nilipiga hodi, mama."

"Ulipiga au ulinong'ona? Milango ya huku ni miwili miwili, hata radi huisikii. Ingia kabla vidole havijakukatika!"

Hakuniruhusu kugusa sepetu mpaka nilipomaliza chai ya tangawizi. Jina lake lilikuwa Zarina. Alizaliwa Ujiji, babake akiuza vitenge. Alinionyesha mlango wa jikoni, akasema mchana haufungwi, niwe naingia tu. Mimi nikaendelea kupiga hodi. Ndivyo nilivyo, kuingia kwa mtu kunanipa haya hata nikiwa nimealikwa.

Mke wangu Candide alipolazwa, Mama Riyaz ndiye aliyewapikia watoto wetu mpaka mama yao akarudi. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja.

Mumewe alipofariki, mwanawe Riyaz alitaka ahamie ghorofani, mtaa wa Flemingdon Park mjini Toronto, karibu na ndugu zake. Akatae, akubali, ndiyo yakawa mazungumzo yao kila Jumapili.

"Nilihama Ujiji, nikahama Dar," aliniambia. "Hapa sihami. Hapa nitatolewa kwa jeneza."

Januari 2014 theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi ua wake ulikuwa umefunikwa, hakuna gari jingine barabarani, hakuna hata mbwa anayebweka. Nilisafisha njia mpaka mlango wa jikoni, nikapiga hodi. Taa ilikuwa inawaka. Hakuna aliyejibu. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, kwa nguvu kuliko nilivyozoea.

Miguu yangu iligeuka yenyewe. Ndipo nikakumbuka ile Februari, alivyotoka na upawa wake kuniita. Leo nikiondoka, nani ataniita? Nikafungua mlango.

Mama Riyaz alikuwa ameketi mezani, mzima kabisa, tasbihi mkononi, simu mbele yake.

"Umesikia, Riyaz?" alipaza sauti. "Huo ndio mlango. Ameingia!"

Simu ikacheka. "Haya, Mama, umeshinda. Josaphat, asante sana. Nilimwambia Mama kwamba akianguka humo ndani, wewe utapiga hodi zako tatu urudi nyumbani. Akasema tukupime."

"Kwa kweli nilikaribia kurudi," nikasema.

"Nyamaza wewe, usiniharibie!" Mama Riyaz akanisogezea sahani ya kachori.

Habari ya Flemingdon Park ikaishia hapo. Mchana kutwa theluji iliendelea kuanguka, ikaifunika njia niliyokuwa nimeisafisha, na mimi sikujali. Yeye alihesabu tasbihi yake, mimi nilikula. Tanuri la kupashia nyumba joto lilinguruma chini ya sakafu. Nilikuwa nimekaa Kanada miaka mingi, lakini sidhani kama niliwahi kukaa hivyo, bila kungoja kufukuzwa.

Alikaa nyumbani kwake majira mengine matatu ya baridi, akafariki usingizini, katika chumba chake, kama alivyotaka. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa navaa buti pale jikoni.

"Kesho nitawahi, mama," nikamwambia. "Wanasema itaanguka nyingi."

"Njoo," akasema. "Na hodi uache huko huko, Josafati. Mtoto gani hupiga hodi kwao?"