Koti Kwenye Kiti

Kompyuta arobaini za chumba cha chini, kule Tampere, Ufini, hazina skrini hata moja. Kila asubuhi fundi huzipitia moja moja, akibonyeza kwa kidole gumba kiplagi kidogo cha kuigiza skrini kilichochomekwa nyuma, pale waya wa skrini ungeingia. "Huyu bila kiplagi anazembea, hachori picha ya maana," humwambia Sirkku, karani wa ofisi, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye kando ya mtoto aliyelala. "Mdanganye kuna anayemtazama, atachapa kazi mpaka Krismasi." Ijumaa saa nane mchana huvika kiti koti lake la buluu, huwasha taa ya meza, huacha kahawa nusu kikombe, hukwapua taulo na kutoweka.

Ijumaa iliyopita Sirkku alisikia viatu vya mkurugenzi kwenye ngazi, na wiki hiyo wafanyakazi wawili walikuwa wamefukuzwa kwa utoro. Mkurugenzi alichungulia, akaliona koti. "Msimsumbue, yuko kazini," akasema, akaenda zake. Baadaye Sirkku alimpelekea mkurugenzi barua za kutia saini ofisini kwake, akakuta taa inawaka, koti la mkurugenzi limekaa kitini, mwenyewe hayupo. Jumatatu alimsimulia fundi, naye hakucheka. Alikuwa anakaza kiplagi kilicholegea.

"Najua, dada. Tulikaa naye benchi moja la sauna, kwenye mvuke wa moto, uchi kama tulivyozaliwa. Akaniuliza mitambo inaendeleaje."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia inachapa kazi, bosi. Inadhani tupo."