Siku Mama Obure Alipoweka Waya Chini

Ukitaka kumjua Esnah Kebaso, mama Obure, angalia sufuria zake. Zimepangwa juu ya kichanja nje ya jikoni, zimegeuzwa matako juu, na jua la Mogogosiek likichungulia kidogo tu baada ya mvua, utafunika macho. Mbili tatu amezisugua mpaka zikatoboka. Mume wake, mzee Kebaso, husema kwamba hata paka wa nyumba ile hampitii mama karibu akiwa na waya wa kusugulia mkononi, asije naye akasuguliwa.

Alikuja nchi hii ya chai akiwa mke mchanga kutoka Kisii. Wakanunua kipande cha shamba si mbali na kiwanda, wakapanda chai yao wenyewe, na tangu hapo vidole vyake havijarudia rangi aliyozaliwa nayo. Utomvu wa majani huingia kwenye mistari ya vidole na pembeni mwa kucha, ukageuka mweusi, ukahamia humo na mizigo yake yote. Kila mchuna chai anaujua, na wengi hawaujali. Esnah aliujali, kwa sababu kwake doa lilikuwa doa, liwe kwenye sufuria au kwenye kidole gumba.

Hata hivyo angevumilia, lau si Obure kupenda. Kijana huyo, kifungua mimba wake, alimpata Chemutai, binti ya Rodah wa upande wa Sigowet. Siku ya kwanza Esnah na mzee Kebaso walipokwenda kujitambulisha, Esnah alivaa gauni lake la kanisani na kuangalia kila kitu: ng'ombe walionona, ghala la mahindi, chai kidogo kule chini mtoni, ua uliofagiwa vizuri. Roho yake ikatulia. Rodah akatoka mlangoni akitabasamu.

"Chamgei! Karibuni, karibuni nyumbani."

Esnah akanyoosha mkono. Rodah hakuupokea. Mikono yake ilibaki ndani ya leso aliyojifunga mabegani, na humo ndimo ilimokaa mchana kutwa. Hata mursik, maziwa ya mgando ya kwao, ilimiminwa na binti. Rodah alicheka, akasimulia, akauliza habari za watu wote wa Mogogosiek, lakini mkono hakutoa.

Esnah alirudi nyumbani amenuna. "Aliona vidole vyangu," alimwambia mumewe. "Aliona huu weusi akashindwa kunishika."

"Labda alisikia baridi," mzee Kebaso akasema.

"Baridi gani na jua lilikuwa limewaka? Kebaso, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Kilichomchoma zaidi ni kilichokuwa kinakuja. Huko kwa akina Rodah, siku ya kufunga makubaliano, mama wa kijana huchota siagi ya ng'ombe kwa mkono na kumpaka bibi harusi usoni, naye mama wa binti humpaka kijana. Watu wote husimama kutazama. Esnah alijiona amesimama pale, macho ya ukoo mzima yakitua kwenye vidole vyake vyeusi juu ya shavu jeupe kwa siagi la Chemutai, mtoto wa wenyewe. Aliapa kwamba siku hiyo mikono yake itang'aa.

Basi alifanya alichokijua. Alichukua waya wa sufuria, akachukua dawa ya kutoa madoa ya nguo, akakaa nyuma ya nyumba na karai. Akasugua. Weusi ukapungua kidogo, akafurahi, akaongeza dawa. Kesho yake akarudia, na kesho kutwa. Mikono ilipoanza kuwasha alisema dawa inafanya kazi. Ilipoanza kuchubuka alisema weusi unatoka. Ilipofika siku ya kushindwa kushika kikombe cha chai ya moto, alikaa chini akalia. Vidole vilikuwa vimevimba, vyekundu, vimepasuka kwenye viungo, na kimoja kilitoa maji.

Alikwenda kwa Joan. Joan ana chumba pale sentani, kwenye maduka, ambamo husugua watu miguu na kusuka nywele, na mdomo wake hauna breki.

"Mama Obure! Hii mikono umefanyia nini?"

"Nimesugua tu kidogo."

"Na nini?"

"Na waya."

"Waya gani?"

"Ile ya sufuria. Na dawa ya madoa kidogo."

Joan akakaa kitako. "Sasa mama, wewe ni sufuria? Sufuria haina damu! Hii ni ngozi, inaishi. Na mimi siwezi gusa kidonda. Kwanza uende dispensari, wakuangalie, wakupatie dawa. Ikipona kabisa, hapo ndio urudi kwangu. Na huo waya uache jikoni."

Esnah alikwenda dispensari. Muuguzi alimsafisha, akampa dawa ya kupaka, akamkataza kuchuna chai, kufua na, akimkazia macho, kusugua chochote. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Mzee Kebaso alichukua kapu akaenda kuchuna badala yake. Alichuna taratibu kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na majirani walimcheka mpaka kituo cha kununulia majani. Esnah alikaa kizingitini mikono mapajani. Aliona sufuria zikipoteza mng'ao moja baada ya nyingine, na mara nyingine alijifunga leso usoni ili asizione.

Vidonda vilipofunga na ngozi ikaacha kuuma, alirudi kwa Joan, siku ya siagi ikiwa bado wiki chache mbele.

"Sasa sikiza," Joan alisema. "Ule weusi umekaa kwa ngozi iliyokufa, ile ya juu kabisa. Hiyo ngozi inatoka yenyewe, polepole. Kazi yako ni kuisindikiza mpaka mlangoni, si kuifukuza na rungu."

Akamwekea mikono kwenye maji ya vuguvugu mpaka ikalainika. Akakoroga unga wa wimbi, uliosagwa laini na kuchekechwa, na maziwa kidogo. Kabla ya yote alimpaka tone dogo ndani ya kiwiko, akamwambia akae na hilo mpaka kesho, kuona kama ngozi italikataa. Haikulikataa. Kesho yake akamzungushia unga ule mikononi kwa ncha za vidole, wepesi mno, hata Esnah akadhani bado hajaanza.

"Kaza kidogo," Esnah alisema.

"Sikazi."

"Joan, hata mtoto anaoshwa kwa nguvu kuliko hivi."

"Mama, nikikaza tutarudi dispensari. Tulia."

Akasuuza, akamkausha kwa kugusagusa kitambaa bila kuburuta, na ngozi ikiwa bado na unyevu akampaka mafuta ya mgando. Akamwambia arudie mara moja kwa wiki, si zaidi. Siku nyingine mafuta tu, asubuhi na akitoka kuosha vyombo, na juani afunike mikono kwa sababu ngozi mpya ni changa. Na akirudi shambani avae glavu.

Esnah aliyashika yote, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchuna chai. Kuna jioni mkono ulikwenda wenyewe mpaka kwenye waya, akaurudisha. Lakini wiki ziliposonga akaanza kuona. Weusi ulififia, ukabaki mistari myembamba kama ya penseli. Viganja vikalainika. Siku moja mzee Kebaso alimshika mkono ampokee ndoo, akausahau mkononi mwake. "Huu mkono ni wa nani?" aliuliza, na Esnah akacheka mpaka akamwaga maji.

Siku ya siagi ikafika. Mazungumzo ya wazee yalikwisha kwa furaha, wanawake wakapiga vigelegele, kibuyu cha siagi kikaletwa uani. Obure na Chemutai wakasimama katikati. Esnah akasogea mbele akiwa amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, ili aliyekuja kutazama atazame. Akachota siagi, akampaka Chemutai kwenye paji la uso, kisha mashavu yote mawili, polepole, kwa ncha za vidole. Chemutai akafumba macho. "Mama, mikono yako ni laini," alinong'ona, na Esnah akahisi kwamba hata akifa leo amelipwa.

Ikawa zamu ya Rodah kumpaka Obure. Rodah hakusogea. Mikono ilikuwa ndani ya leso, kama siku ile ya kwanza. Watu wakaanza kutazamana. Zile hasira za zamani zikampanda Esnah: sasa hataki hata kumgusa mwanangu! Akamwendea, akasimama mbele yake, tayari kwa maneno. Ndipo alipoona machozi.

"Siwezi," Rodah alisema chini kwa chini. "Siagi itanichoma."

Esnah akaifunua leso. Vidole vilikuwa vimevimba, vyekundu, vimepasuka kwenye viungo, na pembeni mwa kucha kulikuwa na weusi ambao angeutambua hata gizani.

"Ile siku ya kwanza niliona haya," Rodah akasema. "Mimi nachuna chai, mikono yangu ni nyeusi. Niliambiwa wewe unapenda usafi. Nikasema leo lazima isafike."

 Kicheko kikamtoka Esnah tumboni, kikubwa, cha furaha, kikawashtua ng'ombe zizini.

"Mkwe wangu! Na wewe pia umetumia waya ya sufuria?"

Rodah akaitikia kwa kichwa, akaanza kucheka katikati ya machozi. Esnah akachota siagi ya kutosha. Akamkumbatia Rodah kwa mkono mmoja, akamvuta mpaka mbele ya Obure, na mbele ya ukoo wote akampaka mwanawe uso kwa niaba ya mama mkwe wake, kisha akampaka usoni Rodah mwenyewe pia. Vigelegele vilisikika mpaka chini mtoni, kwenye chai.

"Kesho twende dispensari," alimwambia Rodah sikioni. "Na hiyo waya yako nipatie mimi niende nayo. Nina sufuria zinaningoja."